Halothani, isoflurani, sevoflurani au desflurani? Kuchagua mvuke wa nusukaputi kwa mgonjwa mtu mzima katika thieta zetu za Uganda

Chupa tatu za sevoflurani ziliwahi kufika kwenye stoo ya hospitali moja niliyofanya kazi, kaskazini mwa Uganda. Zilikuwa za msaada, na zilipokelewa kwa furaha, maana kila mtu alikuwa amesikia sifa zake. Tulipozipeleka thieta tukakuta mashine yetu ina vepolaiza (kifaa kinachogeuza dawa ya maji kuwa mvuke) mbili tu: yenye alama nyekundu, ya halothani, na yenye alama ya zambarau, ya isoflurani. Ya njano, ambayo ndiyo ya sevoflurani, haikuwepo. Chupa zikarudi kabatini. Nilipozikagua baadaye zilikuwa zimebakiza wiki mbili kuisha muda wake, na hakuna mgonjwa hata mmoja aliyekuwa amelala kwa dawa hiyo.

Tangu siku ile, mwenzangu akiniuliza mvuke upi ni bora, namuuliza kwanza: vepolaiza gani unayo, oksijeni yako inatoka wapi, na nani anakaa na mgonjwa akishatoka mezani? Majibu ya maswali hayo matatu yanachagua zaidi ya nusu ya dawa kabla hujaangalia bei. Naandika kwa ajili ya wenzangu tunaotoa usingizi, na kwa wakuu wa hospitali na wafamasia wanaokaa kwenye kamati ya kuagiza dawa. Nazungumzia watu wazima. Watoto wana mambo yao, na wanastahili makala yao.

Na kabla ya yote, tuulizane kama mvuke unahitajika. Henia, upasuaji wa kujifungua, mguu uliovunjika, tezi dume: sehemu kubwa ya kazi iliyo chini ya kitovu hufanyika vizuri kwa sindano ya mgongo, mgonjwa akiwa macho na akipumua mwenyewe. Ketamini nayo imebeba thieta za wilaya kwa miaka mingi. Mvuke unakuja pale tumbo la juu linapofunguliwa, shingo, kifua, kichwa, au operesheni inapokuwa ndefu kuliko ganzi.

Namba zenyewe

| Mvuke | MAC (%) | Umumunyifu kwenye damu | Huchemka kwa (°C) | Kiasi kinachovunjwa mwilini | Rangi ya vepolaiza |
|---|---|---|---|---|---|
| Halothani | 0.75 | 2.4 | 50 | takriban 20% | nyekundu |
| Isoflurani | 1.2 | 1.4 | 48.5 | 0.2% | zambarau |
| Sevoflurani | 2.0 | 0.65 | 58.5 | 3–5% | njano |
| Desflurani | 6.0 | 0.42 | 22.8 | 0.02% | buluu |

MAC ni kiasi cha mvuke ambacho, kwa nusu ya wagonjwa, kinauzuia mwili usijitikise kisu kinapopita. Namba ndogo maana yake dawa ina nguvu zaidi. Hizi ni za mtu wa miaka 40 hivi. Kila miaka kumi inayoongezeka hapo, kiasi kinachohitajika hupungua kwa takriban 6%, na mama mjamzito huhitaji pungufu kwa karibu theluthi. Kwa hiyo bibi wa miaka 75 usimwekee namba uliyomwekea kijana aliyeanguka na boda boda.

Safu ya umumunyifu ndiyo inayosema nani ataamka mapema. Damu ikimeza mvuke mwingi, ubongo unachelewa kuupata na unachelewa kuuacha. Halothani humezwa sana, desflurani kidogo mno. Wenzetu wenye chumba cha kuamkia chenye muuguzi kwa kila mgonjwa wanaweza kuiona tofauti hiyo kama suala la dakika chache tu. Kwetu mambo ni tofauti. Mgonjwa anatoka mezani, anasukumwa kwenye korido hadi wodini, na huko muuguzi mmoja ana vitanda thelathini. Anayemwangalia ni dada yake aliyetoka kijijini na blanketi na flaski ya chai, na dada huyo hajui kwamba kukoroma kule ni ulimi umeziba njia ya hewa. Mvuke unaomwacha mgonjwa mapema unafanya kazi ya muuguzi ambaye hatuna.

Halothani: mzee tuliyemzoea

Halothani ilitengenezwa na Charles Suckling wa kampuni ya ICI nchini Uingereza mwaka 1951, na Michael Johnstone akaanza kuitumia kwa wagonjwa huko Manchester mwaka 1956. Iliiondoa etha, ambayo ilikuwa inashika moto na kumchelewesha mgonjwa sana. Wengi wetu tuliofundishwa Uganda tulijifunza kazi kwa halothani, na ni haki kusema mema yake. Haina harufu kali, haimkohozi mgonjwa, inalegeza njia za hewa za mwenye pumu, na inatumika kidogo.

Nakumbuka mzee mmoja aliyekuja na jipu la jino lililovimba hadi shingoni. Mdomo ulifunguka kidole kimoja na nusu. Sindano ya kumlaza haraka ilikuwa hatari: akiacha kupumua na tyubu isiingie, tumempoteza. Ilibidi alale polepole huku anapumua mwenyewe. Tulikuwa na halothani tu na isoflurani, na isoflurani ingemkohoza. Nikamwekea barakoa ameketi.

"Mwanangu, nitaamka?"

"Utaamka, mzee. Vuta pumzi taratibu, mimi niko hapa."

Nikapandisha vepolaiza nusu kwa nusu, kila baada ya pumzi chache. Macho yalifumba, mkono ukalegea, lakini taya lilikaa gumu muda mrefu, na nilikuwa nahesabu mfuko wa kupumulia ukijaa na kunywea huku daktari wa upasuaji amesimama na kisu cha kufungua koo, tayari. Mapigo ya moyo yakashuka hadi 46. Nikamchoma atropini, yakapanda. Tyubu ikaingia. Operesheni yenyewe ilikuwa fupi, kuamka kulikuwa kurefu, na nilikaa naye pembeni hadi alipojibu jina lake.

Kisa hicho kina halothani yote ndani yake: upole wake, uzito wake na moyo unaoshuka. Inapunguza nguvu ya moyo na mapigo yake, na inaufanya moyo uwe mwepesi kushtuka ukikutana na adrenalini. Daktari akitaka kuchoma adrenalini kwenye kidonda kupunguza damu, kwa halothani asizidishe mililita 10 za mchanganyiko wa 1:100,000 ndani ya dakika kumi. Kwetu kuna jambo lingine ambalo vitabu havilitaji sana: mairungi (miraa). Kijana aliyetafuna mairungi usiku kucha kabla ya ajali ana kichocheo kinachofanana na adrenalini kwenye damu yake, na mimi huyo simpi halothani nikiwa na kitu kingine. Mwulize kwa upole, ndugu zake wasiwe karibu, atakuambia.

Halafu ini. Sehemu ya tano hivi ya halothani huvunjwavunjwa mwilini, na kwa watu wachache kinga ya mwili hugeuka na kulishambulia ini lenyewe. Ni nadra, lakini ikitokea kwa ukali huua, na hatari hupanda dawa ikirudiwa. Kanuni ya kawaida ni kutoirudia ndani ya miezi mitatu. Sasa fikiria mgonjwa aliyeungua, anayerudi thieta kila wiki kusafishwa vidonda. Fikiria pia jinsi homa ya ini ya B ilivyo ya kawaida kaskazini: mtu akigeuka macho ya njano siku ya tano, utajuaje kama ni virusi, malaria, au ni mvuke wako? Mimi nachukua somo rahisi: anayerudi mara kwa mara asilazwe kwa halothani.

Kwa mgonjwa wa jeraha la kichwa, halothani ndiyo inayoongeza damu kwenye ubongo kuliko wenzake, na shinikizo ndani ya fuvu hupanda. Na boda boda zinatuletea vichwa kila wiki.

Upande wa ununuzi nao umebadilika. Nchi tajiri ziliiacha zamani, na soko lake limekuwa dogo. Mwezi Machi 2024 wizara ya afya ya Bangladesh iliagiza hospitali zake ziachane na halothani zitumie isoflurani au sevoflurani, baada ya vifo na dawa zilizochakachuliwa. Dawa ambayo watengenezaji wake halali wanapungua ni dawa inayovutia matapeli. Chupa ya halothani isiyojulikana imepitia mikono ya nani, hata ikiwa rahisi, msiinunue.

Kitu kimoja cha mkono: halothani huwekewa thimoli ili isiharibike, na thimoli haivukizi. Inabaki ndani ya vepolaiza kama nta ya manjano, na baada ya muda kizungusho kinakuwa kigumu na namba haiaminiki. Ukiona kimiminika kwenye kioo kimekuwa na rangi, mwaga, omba fundi.

Isoflurani: ndiyo ninayoichagua

Nikiulizwa mvuke mmoja tu kwa thieta ya watu wazima ya hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa, nasema isoflurani bila kusita. Mwili unavunja kiasi kidogo mno, kwa hiyo hofu ya ini karibu inaisha. Moyo hauchokozwi na adrenalini kama kwa halothani. Mgonjwa anaamka mapema zaidi. Hakuna haja ya umeme kwenye vepolaiza. Na kwa gharama, kama nitakavyoonyesha, iko karibu na halothani kuliko watu wanavyodhani.

Kasoro zake ni mbili, na zote zinaepukika. Ya kwanza ni harufu kali. Usijaribu kumlaza mtu kwa isoflurani tangu mwanzo kwa barakoa: atakohoa, atabana pumzi, koo litajifunga, na oksijeni itashuka. Mlaze kwa sindano, propofoli, thiopentoni au ketamini, weka tyubu, ndipo ufungue isoflurani taratibu. Ya pili, inalegeza mishipa ya damu, presha inashuka na mapigo yanapanda. Kwa kijana mwenye maji ya kutosha mwilini si tatizo. Kwa mama aliyetokwa damu nyingi ni tatizo, lakini mvuke wowote ungekuwa tatizo kwake, naye huanzishwa kwa ketamini na kupewa mvuke kwa kiasi cha chini kabisa, damu na maji vikiwa vinaingia.

Operesheni ikizidi saa tatu au nne, isoflurani inajikusanya kwenye mafuta ya mwili na kuamka kunachelewa. Punguza mapema, nyuzi za kwanza zinapoanza, usingoje bandeji.

Kuna jambo linalofanyika kimyakimya ambalo nataka lisemwe wazi. Halothani na isoflurani zina shinikizo la mvuke linalokaribiana sana, kwa hiyo vepolaiza ya halothani ikijazwa isoflurani hutoa asilimia karibu ileile iliyoandikwa. Ndiyo maana wapo waliofanya hivyo dawa moja ilipokosekana. Tatizo ni kwamba nguvu si ileile: 1.5 ya halothani ni MAC mbili, 1.5 ya isoflurani ni MAC moja na robo. Anayekuja zamu ya usiku akaona alama nyekundu anaweka namba ya halothani, na mgonjwa aliyelegezwa misuli anasikia kila kitu bila kuweza kusema. Kama mmelazimika kubadilisha, fundi aisafishe kabisa, alama nyekundu iondolewe, jina jipya liandikwe kwa herufi kubwa, na kila mtu wa zamu aambiwe.

Hatari kubwa zaidi ni kinyume chake: kujaza isoflurani au halothani kwenye vepolaiza ya sevoflurani. Sevoflurani ina shinikizo dogo la mvuke, kwa hiyo vepolaiza yake imepimwa kwa dawa mvivu wa kuvukiza. Ukiweka halothani humo na kuizungusha hadi 2, itatoa mara moja na nusu au zaidi ya namba hiyo, ya dawa ambayo 0.75 tu inatosha. Moyo hausubiri ukague lebo.

Sevoflurani: kwa wagonjwa maalumu

Laiti ningekuwa nayo usiku ule wa mzee wa jipu. Sevoflurani haina ukali puani, haimkohozi mtu, na inampeleka usingizini kwa pumzi chache. Mapigo hayachezi sana. Ukiizima, mgonjwa anarudi haraka. Kwa mwenye rovu kubwa lililobana koo, kwa jipu la shingo, kwa mwenye pumu kali, kwa mzee wa moyo, hakuna mvuke ninaouamini zaidi.

Lakini inaliwa. MAC yake ni 2, na kwa mtiririko mkubwa wa gesi chupa inaisha ukiitazama. Ndiyo maana siiweki kuwa dawa ya kila siku mahali penye mashine isiyorudisha gesi.

Watu huuliza kuhusu figo. Sevoflurani ikipita kwenye chokaa ya soda, ile inayonyonya kaboni dioksidi ya mgonjwa ndani ya mashine, hutoa kemikali iliyodhuru figo za panya kwenye maabara. Kwa binadamu, baada ya miaka mingi ya matumizi, madhara hayo hayajaonekana. Ninachokihofia ni chokaa iliyokauka. Mtu anaacha oksijeni ikitiririka kwenye mashine tangu Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi chokaa imekuwa kama vumbi. Sevoflurani ikikutana nayo, kopo linapata joto kali hata kuungua. Desflurani na isoflurani zikikutana nayo hutoa kaboni monoksidi, sumu ileile ya jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa. Na kipimo cha oksijeni cha kidole hakitakuonya, kwa sababu kinaisoma damu yenye sumu hiyo kama damu iliyojaa oksijeni. Kukuta mtiririko umeachwa wazi wikendi nzima ni sababu tosha ya kubadilisha chokaa, hata kama rangi yake bado nzuri.

Desflurani: si kwa hapa

Hapa sitachukua muda mrefu. Desflurani inachemka kwa nyuzi 22.8, yaani kwenye chumba cha kawaida cha Arua au Gulu saa sita mchana ingekuwa inatokota. Vepolaiza yake lazima ipashwe joto kwa umeme, na umeme ukikatika mvuke unakatika. Ina ukali unaokohoza kuliko isoflurani, na ukiipandisha ghafla presha na mapigo hupanda nayo.

Lipo na suala la mwinuko. Vepolaiza za kawaida hujirekebisha zenyewe mlimani, kwa sababu kinachomlaza mtu ni shinikizo la mvuke wala si asilimia. Ile ya desflurani hutoa asilimia isiyobadilika. Kabale, karibu mita 2,000 juu ya bahari, hewa ina takriban nne ya tano ya shinikizo la pwani, kwa hiyo 6 ya kitabuni inabidi iwe 7.5 ili mgonjwa alale sawasawa. Asiyejua hilo atakuwa na mgonjwa aliyelala nusu.

Zaidi ya hapo, kila kilo yake hupasha dunia joto takriban mara 2,500 ya kilo ya kaboni dioksidi kwa miaka 100; isoflurani ni karibu 500, sevoflurani karibu 130. Scotland iliacha kuitumia mwaka 2023, na Umoja wa Ulaya umeibana kuanzia Januari 2026. Mkiletewa mashine ya msaada yenye vepolaiza ya buluu, ulizeni kwa nini mwenyewe ameiachia.

Nitrasi oksidi kidogo

MAC yake ni 104%, maana yake peke yake haimlazi mtu. Husaidia kupunguza mvuke mwingine na hutuliza maumivu. Lakini inachukua nafasi ya oksijeni kwenye pumzi, inautanua utumbo ulioziba na kuikuza hewa iliyo nje ya pafu (hewa hiyo ya kifuani inaweza kuongezeka maradufu kwa dakika kumi), na inataka mitungi inayosafirishwa mbali. Pale ambapo mtungi mmoja tu unaweza kupakiwa kwenye gari, pakieni oksijeni.

Hesabu ya chupa

Kuna kanuni ya mkono ambayo kila kamati ya dawa ingeibandika ukutani: mililita za dawa kwa saa ni takriban 3 × lita za gesi kwa dakika × asilimia ya vepolaiza.

Chukua mashine ya mzunguko, ile yenye chokaa na inayomrudishia mgonjwa gesi, kwa lita 2 kwa dakika na kiasi cha MAC moja. Halothani ni kama mililita 5 kwa saa, isoflurani 7, sevoflurani 12, desflurani 36. Chupa ya mililita 250 ya isoflurani inakaa saa 34 hivi, ya sevoflurani saa 20.

Sasa chukua mashine inayovuta hewa ya chumbani, kama Glostavent au Universal Anaesthesia Machine, ambazo zimesaidia sana hospitali zetu kwa sababu zinaendelea kufanya kazi umeme na mitungi vikikosekana. Hapa pumzi yote ya mgonjwa, lita 6 hivi kwa dakika, inapita kwenye vepolaiza na haimrudii. Isoflurani inakuwa karibu mililita 22 kwa saa, sevoflurani 36. Chupa ya sevoflurani inaisha ndani ya saa saba. Kwa hiyo anayekuambia sevoflurani ni ghali mara mbili au mara sita anaweza kuwa sahihi au kukosea, inategemea mashine anazolinganisha. Msilinganishe bei ya chupa, linganisheni bei ya saa moja ya mgonjwa aliyelala.

Kupunguza mtiririko huokoa fedha, ila kuna masharti: chokaa safi, mfumo usiovuja, na kipimo cha oksijeni kwenye gesi anayovuta mgonjwa. Bila kipimo hicho mimi sishuki chini ya lita 2. Na kwenye mashine ya kuvuta hewa, ongezeni oksijeni daima, hata kutoka kwenye konsentreta (mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani): mivuke hii yote inapunguza pumzi, na hewa ya chumbani peke yake haimtoshi mgonjwa.

Kilicho muhimu kuliko jina la dawa

Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliowauliza wataalamu wa usingizi 97 wa Uganda kuhusu vifaa vyao. Ni 23% tu waliokuwa na vifaa vya kumlaza mtu mzima kwa usalama. Kwa mtoto ilikuwa 13%, na kwa upasuaji wa kujifungua 6%. Tangu hapo vipimo vya oksijeni vya kidole vimeenea, mitambo ya oksijeni imewekwa kwenye hospitali za rufaa za mikoa, na wahitimu wa Makerere na Mbarara wameongezeka. Bado nakutana na thieta yenye mvuke mzuri na haina kipimo cha presha kinachofanya kazi. Fedha zikiwa za kitu kimoja tu, kati ya vepolaiza ya njano na kapnografu inayoonyesha kwamba tyubu iko kwenye koo la hewa, chukueni kapnografu.

Mambo mawili zaidi ambayo hayabadiliki kwa mvuke wowote kati ya hii minne. Yote inalegeza mji wa mimba: mtoto akishatoka, shusha hadi nusu ya MAC au kidogo zaidi, la sivyo mama atavuja damu huku oksitosini ikilaumiwa bure. Na yote inaweza, kwa mtu mwenye urithi huo, kuwasha joto la misuli linaloua. Dawa yake, dantrolini, ni vigumu kuipata kwetu. Kwa hiyo swali "kuna ndugu yako aliyefia thieta au aliyepata joto kali akilazwa?" liulizwe kila mara, kwa lugha ya mgonjwa. Akijibu ndiyo, mvuke wowote haumfai: sindano ya mgongo, ketamini au propofoli, na suksa (suksamethoniamu, dawa ya kulegeza misuli) isiguswe.

Ninavyoagiza

Tuseme thieta ina mashine ya mzunguko na saa 80 za nusukaputi za watu wazima kwa mwezi. Isoflurani: 7.2 mara 80 ni mililita 576, chupa mbili na robo. Naandika tatu, na moja ya akiba. Kwa mashine ya kuvuta hewa, saa zilezile zinakula mililita 1,728, kwa hiyo naandika saba na moja ya akiba, na namweleza mfamasia kwa nini, ili asidhani tunaimwaga. Halothani siandiki tena. Sevoflurani naandika chupa moja kila miezi miwili, kwa koo zilizobanwa na pumu kali, baada ya kuhakikisha vepolaiza ya njano ipo na imekaguliwa. Chupa hiyo inakaa kwenye kabati la dharura la thieta, mbali na stoo kuu, na adapta yake ya kujazia nimeifunga kwa uzi kwenye shingo ya chupa, ili anayeiita saa nane usiku asiitafute gizani.